Mteja Hakuja Kuchukua Mzigo. Hela Yake Je?

Sebuleni kwa shemeji yangu, Tabata, Dar es Salaam, kuna kabati la vioo lililokuwa la vyombo vya wageni. Siku hizi rafu ya chini imejaa mifuko ya kaki iliyofungwa kwa selotepu, kila mmoja una kikaratasi chenye jina, mtaa na saizi. Yeye anaiita viporo. Ni oda zilizolipiwa zote, au zilizolipiwa nusu, au zilizopelekwa na boda zikarudi, na wenyewe hawajaja. Jumamosi moja nikisubiri chai nilivihesabu: 14.

Kimoja kilikuwa na kelele siku hiyo. Mteja wa Kimara alichagua viatu namba 39 vya shilingi 45,000, akalipa yote kwa simu, akasema boda asitumwe, atapita mwenyewe Ijumaa. Ijumaa ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu akaandika: "Dada nimebadili mawazo, naomba unirudishie hela yangu." Shemeji akamjibu kwa maneno yaliyobandikwa juu kabisa ya ukurasa wake wa Instagram: hela ikishaingia hairudi. Wakaanza. Chai inafika mezani, mmoja ameshaitwa tapeli, mwingine ameshaitwa msumbufu, na simu imetupwa kwenye kochi.

Nikamuuliza viatu viko wapi. Akaonyesha kabati kwa kidevu. Nikamuuliza tena: akija mtu sasa hivi anatafuta namba 39, utamuuzia? "Namuuzia, kwa nini nisimuuzie? Mwenyewe si kavikataa!"

Hilo jibu ndilo lililonikalia kichwani wiki nzima. Kwa sababu kama viatu vinauzika, na hela ya kwanza imebaki mfukoni, basi jozi moja imeuzwa mara mbili. Hakuna namna ya kulizungusha hilo. Na shemeji si mwizi. Ni mtu anayerudisha hata mia mbili ya chenji. Ni kwamba yeye, kama wauzaji wengi wa mtandaoni, anaiona hela ya oda kuwa kitu kimoja: ama unairudisha yote ukapata hasara, ama unaishika yote ukaitwa tapeli. Katikati hapaoni.

Katikati papo. Chukua oda ya kawaida ya viatu hivyo hivyo ikiwa na boda ndani yake: mteja anatuma 52,000, hela inasoma kwa mkupuo mmoja. Lakini kuna 45,000 ya viatu na 7,000 ya boda, na hizo mbili hazifi pamoja. Ya boda hufa pale anapowasha pikipiki. Ya viatu haifi. Viatu vikirudi kabatini, thamani yake imerudi navyo. Mteja asiyetokea hajala viatu. Amekula nauli, amekula muda, na mara nyingine amekula soko, kama kanzu iliyoshikiliwa mpaka Idi ikapita. Akatwe hivyo. Kumkata na viatu ni kumtoza asichokula.

Watu wengi wanaouzia nyumbani wanadhani sheria haina habari nao kwa kuwa hawana fremu wala leseni ukutani. Inayo habari nao. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, ni mtoto wa ile ya Waingereza ya mwaka 1893. Kenya nao wana ya kwao, Sura ya 31, mama mmoja. Inasema kwamba muuzaji akiwa tayari kukabidhi mali, akamwita mnunuzi aje, na mnunuzi asije katika muda unaofaa, mnunuzi huyo anawajibika kwa hasara iliyotokana na kutokuja kwake na kwa gharama inayofaa ya kuitunza mali. Tazama ilivyopimwa: hasara iliyotokea, na gharama ya kutunza. Haikusema muuzaji ale kila kitu, na haikusema mteja aondoke hivi hivi.

Kuna na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo kifungu chake cha 74 kinazungumzia watu walioandikiana kabisa kiasi cha kulipwa ahadi ikivunjwa. Hata hapo, aliyevunjiwa ahadi hupata fidia inayofaa isiyozidi kile kiasi. Yaani kiasi mlichoandikiana ni dari. Chini yake bado mtapima. Sasa "hela hairudi", hata ikiandikwa kwa herufi kubwa na kuzungushiwa alama za moto, ni adhabu ya asilimia 100 kwa kosa la kuchelewa kupita Tabata. Sidhani kuna hakimu angeiita inayofaa.

Najua, hakuna anayekwenda Mahakama ya Mwanzo kudai 45,000. Nauli na siku za kuahirishwa zitavizidi viatu. Sheria hizi nazitaja kama futi ya fundi tu: kitu cha kupimia kabla hatujagombana.

Na kuna jambo moja ndani ya ile Sura ya 214 ambalo wauzaji hulichanganya kila siku. Sheria inampa muuzaji *ambaye hajalipwa* haki ya kumpa mnunuzi taarifa, kungoja muda unaofaa, kisha kuiuza mali kwa mtu mwingine na kudai pengo la bei. Aliyelipwa nusu naye anahesabiwa hajalipwa. Lakini aliyelipwa yote amekaa na mali ya mtu. Viatu vile namba 39, tangu muamala uliposoma, kabati lilikuwa la shemeji ila viatu havikuwa vyake tena. Hawezi kuviuza huku ameshika hela, akasema yuko kwenye haki. Achague: atunze viatu na amdai mwenyewe gharama ya kutunza, au avichukue viatu na arudishe hela.

Nikifika hapa wauzaji huwa wananikasirikia, na wana haki ya kukasirika, kwa sababu mpaka sasa nimemzungumzia mteja aliyelipa. Wanaowaumiza zaidi ni wale wa "nalipia nikipokea".

Boda wa shemeji ni kijana mpole asiyependa kelele. Siku ileile alikuwa amebeba mkoba kwenda Goba. Alipofika akapiga: "Nimefika dada, nipo hapa duka la dawa." Mteja akamwambia nakuja kaka, dakika tano. Baada ya dakika ishirini akapiga tena, simu inaita tu. Ya tatu, namba haipatikani. Ndipo akampigia shemeji, akaweka spika nasi tukasikia pikipiki ikinguruma na upepo: "Dada, mteja wako kazima simu. Nisubiri au nigeuze? Na hii ya kurudi nani analipa?" Shemeji akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyezima simu.

Piga hesabu yake. Kwenda 7,000, kurudi boda alikubali 4,000 kwa kuwa wanafahamiana. Mkoba ule unampa faida ya 10,000. Kwa hiyo mkoba mmoja uliogomewa umemeza faida yote ya mkoba mwingine uliouzwa vizuri, na 1,000 juu. Ukipata wawili wa namna hiyo kwa wiki, wiki nzima umemfanyia kazi boda.

Hata wenye mtaji mkubwa jambo hili limewatoa jasho. Jumia ilipoingia soko la hisa la New York mwaka 2019, nyaraka zake zilieleza kwamba oda zenye thamani ya takriban asilimia 14 ya mauzo yote ya mwaka 2018 ama hazikumfikia mteja ama zilirudishwa. Hiyo ni kampuni yenye maghala, magari na wahasibu. Novemba mwaka huohuo ilifunga biashara yake Tanzania. Sisemi ilifunga kwa sababu ya viporo, lakini nani atashangaa kwamba mama wa Tabata mwenye kabati moja analiona tatizo hilo hilo usoni?

Na mteja naye usimcheke anapokataa kulipa kabla. Amekulia katika nchi ambayo kila mwenye simu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ameshaona kurasa zenye picha nzuri zilizoibwa kwa wengine, ukilipa unablokiwa. Kule Guangzhou na Yiwu, wafanyabiashara wetu wanakofuata mizigo, walikutana na woga huu huu zamani, na Taobao mwaka 2003 ikaanza utaratibu uliozaa Alipay: hela inakaa katikati, muuzaji haipati mpaka mnunuzi athibitishe amepokea. Sisi katikati yetu yuko boda, mwenye kofia ngumu na chaji asilimia 8.

Kwa hiyo hela ya kutangulia inahitajika. Ugomvi ni kiasi gani, na ikiliwa inaliwa kwa hoja ipi. Wazee wa pwani walikuwa na neno lake, arbuni, kabla sisi hatujaanza kuiita advansi au, kwa utani wa mjini, kishika uchumba. Arbuni ni hela ya kuonyesha kwamba mnunuzi hatanii. (Neno hilo na *kurubuni* yanapishana pembamba sana mdomoni, na ndivyo yanavyopishana sokoni.) Wanazuoni wa Kiislamu wameibishania arbuni kwa karne nyingi: muuzaji ana haki ya kuila mnunuzi akighairi? Walio wengi kati yao, wakiwemo Mashafii ambao ndio wengi katika mwambao wetu, walisema hapana, huko ni kula mali ya mtu bila haki. Imamu Ahmad bin Hanbal akaruhusu, akitegemea masimulizi ya nyumba iliyonunuliwa Makka kwa ajili ya Khalifa Umar. Mwaka 1993, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Brunei, liliiruhusu kwa sharti moja: muda wa kungoja uwe umewekwa wazi.

Mimi si shehe na sitoi fatwa. Ila naona pande zote mbili, hata zilipotofautiana, zilikuwa zinasumbuliwa na kitu kile kile kinachosumbua Tabata. Walioharamisha waliuliza: umetoa nini hata ukaistahili hii hela? Walioruhusu walijibu: nimekungojea, nimewakatalia wengine. Basi anayeshika hela ya mteja ajiulize amemngojea kwa muda gani, na je, huo muda aliutaja?

Ndiyo maana naona desturi ya kuomba "nusu" haina kichwa wala miguu. Nusu ya nini? Mkoba wa 300,000 unapandishwa kwenye pikipiki ile ile na mkoba wa 30,000. Kinachopotea mteja asipotokea hakilingani na bei ya mkoba. Kinalingana na nauli. Kwa hiyo kinachotakiwa kitangulie ni nauli, ya kwenda na, ukiwa na wasiwasi na mtu, ya kurudi. Bei ya mzigo ilipwe mlangoni. Mteja anayeogopa kutapeliwa anahatarisha 7,000 badala ya 52,000. Muuzaji anayeogopa kuzimiwa simu ameshafidiwa kabla boda hajatoka. Na asipotokea mtu, hakuna cha kurudishiana, hakuna wa kumwita mwenzake jina. Wauzaji kadhaa wa Dar wameshahamia huko bila kusoma makala yoyote. Wamefundishwa na Goba.

Kuna sababu moja kwa nini wengine hawahamii, nayo huwa haisemwi hadharani. Wengi wanaouza mtandaoni hawana mzigo. Ni mawinga. Amepiga picha dukani Kariakoo, Mtaa wa Aggrey au Kongo, ameweka bei yake juu, na anangoja hela ya mteja ndiyo akanunue. Hela ikisoma anakwenda, ananunua, anapewa risiti ambayo chini yake imechapwa: mali ikishauzwa haitarudishwa. Mteja akighairi, winga amebaki na viatu asivyovitaka, na mwenye duka kashageukia mteja mwingine. Unapomwambia arudishe 45,000, unamwambia atoe hela ambayo hajawahi kuwa nayo. Faida yake ilikuwa 5,000, na ameshailia chips mayai.

Namwelewa winga. Lakini tuite jambo kwa jina lake: huyo anafanya biashara kwa mtaji wa mteja, na mteja hajui kwamba yeye ndiye mwenye mtaji. Anadhani ananunua kitu kilichopo. Kama angeambiwa "bosi wangu, mimi nakwenda kukununulia, nikishanunua dukani hawapokei", angelipa akijua, na akighairi angejua amebaki na viatu wala si hela. Hiyo ni biashara halali kabisa. Hata ukimtuma mtu sokoni akununulie samaki, huwezi kumgeuka samaki wakishakatwa. Ubaya ni kujifanya duka wakati wa kuuza, kisha kujifanya mtu wa kutumwa tu wakati wa kurudisha.

Mikoani hali ni nyingine, na hapa namgeukia mteja. Ukilipia mzigo Dar upelekwe Mwanza, muuzaji anaubeba mpaka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, anauandikisha kwenye ofisi ya vifurushi ya basi, anapewa risiti, anaipiga picha na kukutumia pamoja na namba ya ofisi ya kule Nyegezi. Kwa kawaida ya sheria ile ile ya mauzo, kukabidhi mzigo kwa msafirishaji ambaye mnunuzi amemridhia ni sawa na kumkabidhi mnunuzi mwenyewe. Muuzaji kazi yake imeisha Mbezi. Mzigo ukikaa Nyegezi wiki mbili, ukahamishwa stoo, ukarundikwa chini ya magunia ya dagaa, huo ni mzigo wako uliotelekeza, na risiti nyingi za mabasi zinakwambia wazi kwamba baada ya siku kadhaa ofisi haihusiki. Kumpigia muuzaji baada ya mwezi kudai hela ni kumtaka awe bima yako.

Isipokuwa, na hapa muuzaji asishangilie mapema, kama hakumtumia mteja ile picha ya risiti. Mteja asiyejua basi gani, limefika lini na ofisi ipi, hajakataa mzigo, hajaarifiwa. Nimeona watu wanaandika "mzigo nimeshatuma" na kunyamaza, kama vile Mwanza kuna basi moja. Vivyo hivyo aliyeahidi gauni Jumanne likafika Jumamosi jioni, harusi imeshaliwa. Kabla hujasema mteja hakuja kuchukua, jiulize kama mzigo ulikuja. Kosa likiwa la muuzaji, kila kitu kinarudi mpaka ile ya kutolea.

Ya kutolea, eh. Tangu tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, kabla hazijapunguzwa na kupunguzwa tena, Mtanzania amekuwa mhasibu wa makato. Mteja alituma 45,000 na ya kutolea juu. Muuzaji akitaka kurudisha, kutuma tena kuna makato. Nimesoma mabishano ya watu wawili waliokubaliana 45,000 irudi, wakavunja urafiki kwa sababu ya makato ya kutuma. Jibu langu ni lile lile la nauli: aliyesababisha safari ndiye alipie safari. Mteja kaghairi, makato juu yake. Muuzaji kakosea saizi, juu ya muuzaji.

Keki ina kesi yake. Keki iliyoandikwa "Hongera Mama Junior" haina mteja mwingine duniani zaidi ya ukoo wa Mama Junior. Ikishapambwa, hela yote imekwenda, na mwokaji asiyerudisha hata senti simlaumu. Nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu, ndivyo. Pazia lililokatwa kwa dirisha la mtu, ndivyo. Kanuni haijabadilika, ila hapa asichochukua mteja hakirudi kuwa na thamani.

Turudi kwenye kabati. Baada ya hasira kupoa nilikaa na shemeji tukaandika ujumbe ambao sasa anautuma kabla hajapokea hela ya mtu. Yeye alitaka uwe mkali. Mimi nilitaka uwe mrefu. Mtoto wake wa kidato cha tatu akatukata wote. Ulibaki hivi:

"Mpendwa, viatu 45,000, boda mpaka kwako 7,000. Tuma 7,000 kwanza, viatu utalipa ukipokea. Boda akishatoka, 7,000 hairudi. Ukipenda kulipa yote uje mwenyewe, nakushikia siku 7. Siku ya 8 nakupigia. Usipojibu siku ya 10 naviuza, na 45,000 yako inarudi kwenye namba uliyotumia, nikitoa makato."

Maneno machache, lakini yameondoa karibu kila kitu walichokuwa wakigombania. Siku zimehesabiwa. Kila hela ina kazi yake. Na lipo jambo dogo ambalo shemeji alilipinga sana mpaka akakubali: ile "nakupigia". Alisema yeye si mtumwa wa kumkumbusha mtu mali yake. Nikamwambia simu moja ya dakika moja ndiyo tofauti ya muuzaji aliyeuza kiporo kwa haki na aliyekiuza kimya kimya. Tena apige, asitume ujumbe tu, kisha aandike kwenye daftari tarehe na jibu alilopewa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mwenzio ndiyo hupotea upesi zaidi.

Nairobi wauzaji wengi wamelikwepa hili kwa kuacha mzigo kwa wakala mwenye kibanda karibu na kituo cha matatu. Mteja anaupitia akitoka kazini, na wakala ana siku zake za kungoja. Ninachokipenda pale ni kwamba anayehesabu siku si yule mwenye hela. Huku kwetu bado muuzaji ndiye karani, mlinzi wa ghala na hakimu.

Na hakimu huyo akishindwa hesabu, huwa anatoa hukumu ya aibu. Nimeona muuzaji ameweka kwenye stetasi picha ya mazungumzo, jina na namba ya simu ya mteja, "huyu ni msumbufu, mjihadhari". Wateja nao hufanya hivyo hivyo kwa wauzaji, lakini muuzaji amefungua milango kwa umma. Mteja alimpa namba yake ili apelekewe mzigo tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mtu aliyepewa namba kwa kazi moja hana ruhusa ya kuitumia kumdhalilishia mwenye namba. Unaweza ukawa na haki ya 11,000 yako ya boda, ukaipoteza yote kwa stetasi moja ya hasira. Mteja wa namna hiyo dawa yake ni fupi: asiuziwe tena bila kutanguliza nauli.

Mtu wa Kimara je? Huyo hakuambiwa masharti ya siku wala simu. Aliona mstari mmoja tu wa "hairudi", ambao tumeshaupima. Boda hakutoka, kwa hiyo hakuna nauli ya kukata. Viatu vilikaa kabatini wiki tatu, havikuharibika, wala si viatu vya msimu. Gharama ya kutunza? Shemeji alisema 5,000. Nikamuuliza kabati linalipiwa kodi shilingi ngapi. Tukasuluhishwa na mume wake, aliyekuwa anatazama mpira na alitaka tunyamaze: mpe hela yake, kata makato, basi.

Akatuma. Roho ilimuuma, niliiona. Baada ya dakika mbili simu ikalia kwenye kochi, ujumbe wa neno moja: "Imesoma." Hakuna asante, hakuna samahani. Shemeji akalitazama lile neno kwa muda, akaenda kabatini, akabandua kikaratasi cha Kimara kwenye mfuko wa kaki, akavitoa viatu akavipiga picha upya juu ya zulia. Namba 39, 45,000, boda unalipia kabla.